Mita Ilisema Kumi na Mbili

Kosa langu la kwanza kubwa katika ufundi umeme wa magari lilikuwa kupima umeme uliolala. Nilichomeka ncha za mita kwenye soketi ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, mita ikasema volti kumi na mbili, nami nikatangaza mbele ya watu kwamba umeme wa gari hilo ni mzima. Haukuwa mzima. Nilikuwa kama mtu anayempima mpagazi nguvu akiwa kitandani: amejifunika shuka mpaka shingoni, kifua kinapanda na kushuka vizuri, basi huyu ataweza gunia la mahindi. Kwa tangazo langu hilo, dereva mmoja wa Mkata aliitwa mhujumu, na funguo za gari zikawa njiani kutoka mikononi mwake.

Ninawaandikia nyinyi vijana mnaoingia gereji sasa hivi na mashine ya kusomea makosa mfukoni. Mimi nimestaafu, lakini msidhani nilifanyiwa sherehe. Fundi wa gereji zetu hastaafishwi na mwajiri, hustaafishwa na macho. Siku nilipounga waya ya kijani na ya bluu huku nikiapa kwamba zote ni bluu, wenzangu walinivutia kiti, wakaniambia, "Pamba, kaa." Nikakaa. Bado nimekaa.

Pamba ndilo jina nililopewa kazini, na sikulipenda hata kidogo. Nilikuwa kijana mwenye wasiwasi. Kila kiungo cha waya nilikisugua kwa pamba yenye spiriti, nikakitazama, nikakisugua tena. Nikifunga nati nilirudi kuikagua, nikitoka getini nilirudi kuikagua tena, na mteja akiondoka nilibaki nimesimama barabarani nikisikiliza injini mpaka isisikike. Sikusoma ufundi popote. Nilizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge, mjukuu wa mtu aliyetoka kusini kuja kukata katani, katika nyumba ambayo Idi tulikula na Krismasi tulikula, na katikati ya sikukuu hizo mbili tulikula ugali. Nilianza kwa kufungua redio za majirani. Nyingine zilirudi kusema. Aliyejifunza mwenyewe ana shida moja ambayo mwenye cheti hana: hajui ni wapi ujuzi wake unaishia, kwa hiyo anaogopa kila mahali kwa usawa.

Mzee aliyenipokea Handeni tulimwita Mzee Mhina. Gereji ilikuwa yake, spana zilikuwa zake, na maoni yote yalikuwa yake pia. Kwake gari lilikuwa hewa, mafuta na moto, kwisha. Kabureta aliijua kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake gizani. Miaka ya uhaba, wakati hata gundi ya kufungia waya ilikuwa haipatikani, yeye na wenzake wa Korogwe walizungushia viungo vya waya singa za katani na kuzipaka lami. Yalikwenda magari hayo, msicheke. Yalinuka kama paa la bohari, lakini yalikwenda.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, na bandarini yakaanza kushuka magari mitumba ya Kijapani, redio zake zikiongea lugha ambayo hatukujua kama inatutukana au inatusalimia. Chini ya dashibodi, nyuma ya zulia, kulikuwa na kisanduku cha bati chenye waya nyingi kuliko nywele za kichwani. Huo ndio ulikuwa ubongo wa injini. Ndio unaoamua mafuta yamwagwe kiasi gani na moto upigwe wakati gani. Sisi tukauita kontroli boksi. Niseme wazi: tuliruhusiwa kuyanunua magari yale kabla hatujaruhusiwa kuyaelewa.

Matibabu ya kontroli boksi siku hizo yalikuwa ya kuchekesha. Kuna aliyelianika juani. Kuna aliyelioga petroli. Korogwe kulikuwa na fundi aliyelifungua kifuniko, akalinusa, akafumba macho, kisha akatamka, "Hili limekwenda." Na lile la kunusa, nawaambia ukweli, ndilo pekee lenye maana kidogo, kwa sababu kilichoungua kinanuka. Ila yeye alilinusa hata la gari lililokuwa limeishiwa mafuta.

Mzee Mhina hakulinusa wala kuligusa. "Kompyuta ni ya benki," alisema. "Hilo sanduku ni lako, Pamba. Wewe ndiye unayependa vitu visivyoshikika."

Nikalichukua kwa moyo wote. Nilijifunza kwa kuharibu, na niliharibu kwa usafi wa hali ya juu. Gari moja liliteremka kutoka Bungu na kabichi, likafika Korogwe, tukaitwa. Injini inawaka vizuri, ukiwasha taa kubwa inakohoa na kuzima. Nilibadilisha vitu vitatu na kusafisha vingine vyote. Mwisho nilishika waya ya chuma inayovutwa na pedali ya mafuta, nikaiachia haraka: ya moto! Kumbe injini ilikuwa imeshushwa na kurudishwa juma lile, na fundi aliyeirudisha alibakiwa na boliti moja na mkanda mmoja wa shaba, akaviweka kwenye kopo kwa ajili ya siku nyingine. Mkanda ule ndio ethi, njia ya umeme kurudi nyumbani kwenye betri. Umeme ukifungiwa njia yake hautaghairi safari, utapita shambani kwa jirani. Pale jirani alikuwa pedali. Tangu hapo, gari likija na wazimu usioeleweka, swali langu la kwanza ni hili: injini hii imeshushwa lini, na nani alibakiwa na boliti?

Jambo jingine kabla sijafika Mkata, maana nikilisahau sitalala. Kontroli boksi halipokei umeme tu, nalo linagawa. Linatoa volti tano kwenda kwa vipimio vyake vya joto, vya hewa na vya pedali. Kipimio kimoja kikigusisha waya hiyo na bodi, boksi zima linanyamaza kama limekufa. Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki, na fundi anaanza kutafuta sanda. Usilizike. Chomoa vipimio kimoja kimoja huku funguo iko kwenye swichi. Taa ikiwaka ghafla, umemkamata aliyekuwa anamkaba shingo. Nimezuia mazishi mengi kwa njia hiyo. Mengine nimeyahudhuria, kwa kuwa sikuwa nimeijua bado.

Sasa Mkata.

Mama Mwanaidi alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na mihogo mikavu. Ghala lake lilikuwa kando ya barabara kuu, na nyuma ya ghala alikuwa na banda la video, mradi mpya ambao enzi ile ulikuwa umepamba moto kila mahali. Alikuwa na pikapu ya Kijapani, safi, ya kwanza pale kuwa na kontroli boksi. Dereva wake alikuwa Athumani, kijana wa Kwaluguru, mwembamba, mcheshi, dereva hodari kiasi kwamba abiria wa nyuma waliweza kushika mayai mapajani.

Pikapu ikaanza tabia. Asubuhi unapiga stata, stata inazunguka kwa nguvu zote, betri ni kali, lakini injini haishiki. Ukilisukuma gari likatikisika kidogo, linawaka kama halikuwa na neno. Linakwenda. Ukisimama stendi kupakia, ukitaka kuondoka, limegoma tena. Likaletwa Handeni likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori.

Nikalikagua kwa heshima zote. Fyuzi nzima. Rilei, ile swichi ndogo inayolifungulia boksi umeme, inalia tik. Nikachomoa soketi ya kontroli boksi, nikatia ncha za mita: kumi na mbili. Umeme unafika, taa ya injini haiwaki, boksi haliamki. Kwa hiyo boksi limekufa. Hesabu ilikuwa nzuri mno, niliifurahia. Mama Mwanaidi akaagiza boksi jingine kutoka Dar es Salaam. Nikalifunga, gari likawaka mara moja. Nikasifiwa. Mzee Mhina mwenyewe alinisogezea kikombe cha chai, jambo ambalo hakulifanya kwa binadamu yeyote isipokuwa mkwe wake.

Siku chache baadaye pikapu ikarudi, nyuma ya lori lile lile, kwa kamba ile ile. Safari hii Mama Mwanaidi alikuja nayo, amekaa mbele kwenye lori, khanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mimi si mtu wa maneno mengi. Boksi la kwanza ulisema limekufa."

"Ndiyo, mama."

"Na hili nalo limekufa?"

"Hapana, mama. Maboksi mawili hayawezi kufa kifo kimoja."

"Na umeme?"

Nikapima mbele yake. Kumi na mbili. Nikamwonyesha kioo cha mita kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. "Umeme mzima, mama."

"Mafuta yapo?"

"Yapo."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Boksi zima. Umeme mzima. Mafuta yapo. Sasa kilichobaki ni nini?"

Nikaitazama tena mita.

"Kilichobaki ni mtu," akasema, akageuka kumtazama Athumani.

Athumani alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Mimi tena, mama? Nilihujumu gari linalonilisha?"

"Linakulisha wapi? Linakulisha pale stendi kwa yule binti muuza wali! Mbona kila likigoma, linagoma pale pale?"

"Linagoma pale kwa sababu ndipo ninaposimama kupakia mizigo yako."

"Na ndipo unaposhiba pilau."

"Wali maharage, mama! Pilau ya wapi siku za kazi?"

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mama Mwanaidi hakucheka. Alisema Jumamosi ni gulio na mzigo wa watu unasubiri. Jumamosi asubuhi gari lisipowaka, funguo atachukua mtoto wa kaka yake, na Athumani arudi Kwaluguru akalime. Na akishafukuzwa kwa kuhujumu gari, nani mwingine barabara ile angempa gari lake? Jina la dereva linasafiri kuliko dereva mwenyewe.

Athumani akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme neno moja. Nililijua neno hilo. Neno hilo ni "sijui". Ningesema, "Mama, mimi bado sijui gari lako linaumwa nini, usimlaumu mtu." Lakini mtu mwenye ugonjwa wangu, yule anayesugua kiungo mara tatu, hawezi kulitamka neno hilo. Ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Nikainama, nikaanza kuifuta mita kwa pamba, nayo ilikuwa safi.

Pikapu ikasukumwa, ikawaka, Athumani akairudisha Mkata bila kuzima injini njiani. Mimi nikabaki na mita yangu safi.

Handeni watu wanazaliwa wakijua foleni ya maji. Siku iliyofuata nilikuwa bombani na ndoo, nyuma ya kina mama, kama kapera yeyote asiye na wa kumtekea. Bomba likafunguliwa, likakohoa, likapiga mluzi. Aliyekuwa mbele akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, kiganja kikasukumwa. Akasema, "Leo yana nguvu!" Akaachia. Yakatoka matone mawili na hewa. Akaziba tena, kiganja kikasukumwa tena. Akaachia: matone mawili.

"Maji yapo, ila hayaji," akasema bibi mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyelisema hilo maisha yake yote.

Nikasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Kiganja kilichoziba kilikuwa mita yangu. Mita haili umeme, inaugusa tu na kusema, naam, nasikia nguvu. Kontroli boksi likiamka linataka kula, na nozeli zinataka kula, na koili ya moto inataka kula. Mpaka ufungue bomba ndipo utakapojua kama kuna maji. Mimi nilikuwa nimepima bomba lililozibwa, tena nikiwa nimechomoa soketi, yaani nikiwa nimemwondoa mlaji mezani!

Nikaondoka mbio nikaacha ndoo. Niliporudi baadaye niliikuta imesogezwa mkiani mwa foleni, na juu yake pameketi mtu.

Nilimweleza Mzee Mhina yote kwa pumzi moja, kiganja, matone, nozeli. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akisaga vali.

"Kwa hiyo," akasema, "umegundua kwamba Handeni hakuna maji. Hongera sana."

"Mzee, nataka kuupa umeme mzigo wa kubeba. Nataka taa, niichomeke pale pale kwenye soketi, niuone umeme ukifanya kazi."

"Chukua testa."

"Testa inakula kidogo mno. Itawaka hata kwa matone mawili."

Akafikiri. Akaenda kwenye lundo lake la vyuma, akarudi na taa ya mbele ya lori bovu, kubwa kama sahani. "Huyu anakula," akasema. "Huyu ukimkaribisha nyumbani utauza kuku. Nenda kamlishe."

Jumamosi nilifika Mkata na taa ile imefungwa kwenye shati la zamani. Gulio lilikuwa limeshachangamka, magunia yamepangwa mbele ya ghala, na pikapu imesimama boneti wazi, imegoma. Mtoto wa kaka yake Mama Mwanaidi alikuwa ameshavaa miwani ya jua. Athumani ameketi juu ya gunia na funguo kidoleni, anazizungusha taratibu. Pembeni walikuwepo wafugaji wawili waliokuja kuuza mbuzi, wameegemea fimbo zao, wanatazama kama watu waliolipa kiingilio.

"Fundi Pamba kaja na sahani," mtu akasema. "Leo kutaliwa."

"Shikamoo, mama. Nipe nafasi kidogo."

"Marahaba. Umeme si mzima? Ulisema wewe."

"Nilisema. Sikuwa nimeupima."

"Na ile mita?"

"Niliipima mita, mama."

Nikatia mita kwanza kwenye soketi, mbele ya wote. Kumi na mbili. Mtoto wa kaka akajikohoza. Kisha nikaunga taa pale pale, waya moja kwenye njia ya umeme wa boksi, nyingine kwenye ethi. Taa ile kubwa ya lori ikawaka rangi ya kaa la moto linalozimika. Nyekundu, aibu tupu. Nikaitazama mita: volti nne.

"Hiyo ndiyo taa ya lori?" akauliza mfugaji mmoja. "Lori lenyewe linaogopa mtu?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nilihamisha waya ya ethi ya taa kutoka kwenye soketi na kuipeleka moja kwa moja kwenye betri. Taa ikabaki vile vile, hafifu. Maana yake njia ya kurudi haina kosa, kosa liko njia ya kuja. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea betri, hatua kwa hatua. Baada ya rilei: hafifu. Kabla ya rilei: hafifu. Kwenye fyuzi kubwa: hafifu. Kwenye nguzo yenyewe ya betri: taa ikawaka nyeupe, mfugaji akafunika macho. Kati ya fyuzi kubwa na betri kulikuwa na kipande kimoja tu cha waya, chenye kipete cha shaba mwishoni, kilichofungwa kwa nati kwenye terminali ya betri. Waya ile nene ya stata iko peke yake, ndiyo maana stata ilizunguka kwa nguvu na kutudanganya wote. Hii nyembamba ndiyo inayolisha boksi.

Nikaishika waya nyembamba, nikaipapasa kutoka kwenye kipete. Upana wa vidole viwili hivi, ikalegea mkononi kama utumbo. Ganda la plastiki zima kabisa. Nikalichana kwa kisu. Ndani mlimwagika unga wa kijani, na nyuzi za shaba zote zimekatika isipokuwa mbili. Gari likisukumwa, au likitikiswa kama siku nilipofunga boksi jipya, zilizokatika ziligusana kwa muda, injini ikawaka. Nyuzi mbili, za unene wa nywele, ndizo zilizoniambia volti kumi na mbili.

"Nani anaifungua nati hii?" nikauliza. "Waya haijikati hivi. Hii imekunjwa na kukunjuliwa, mara nyingi sana."

Athumani akaacha kuzungusha funguo.

"Mimi," akasema. "Kila jioni. Betri inakwenda bandani kwenye video. Asubuhi naifunga tena."

"Kwa amri ya nani?"

Akamtazama tajiri wake. Mama Mwanaidi akaweka mikono kiunoni.

"Sasa betri kwenda video ni kosa? Betri gani hapa Mkata haiendi video? Ya mashine ya kusaga inakwenda, ya lori la mkaa inakwenda, ya mwalimu inakwenda kwenye redio!"

Na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana hakuna aliyenitajia. Mnapofika kwa mteja mkamwuliza kimebadilika nini, atawaambia hakuna, kwa sababu anachokifanya kila siku hakihesabu kuwa kitu. Magari ya kabureta yalivumilia. Unayafungulia betri, unayafungia, waya ikibaki na nyuzi mbili, yanajiendea. Boksi likikosa lishe halivumilii, linalala, na halikwambii.

Nikakata kipande kibovu mpaka kwenye shaba inayong'aa, nikafunga kipete kipya, nikakichomelea kwa risasi, nikaacha waya ndefu kidogo isivutike. Nikarudisha soketi. Sikuthubutu kupiga stata mwenyewe. Nikamwambia Athumani.

Injini ikashika kabla stata haijamaliza mzunguko. Watu wakapiga kelele, mfugaji akagonga fimbo chini. Mtoto wa kaka akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, maana hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mama Mwanaidi hakuomba radhi. Alipiga makofi mawili. "Haya pakieni, gulio linaisha! Athumani, mbona umekaa kama bwana harusi? Twende."

Athumani alishuka kwanza. Alikuja kwangu nilikokuwa nakusanya spana, akasema taratibu, asisikike na wengine, "Pamba, siku ile gereji ulijua kwamba hujui."

"Nilijua."

"Basi." Akarudi kwenye usukani.

Alipeleka mizigo yote siku ile, safari baada ya safari, gari halikugoma hata mara moja. Jioni aliegesha mbele ya ghala, akafungua betri akaipeleka bandani kama kawaida, akarudi akaweka funguo mkononi mwa Mama Mwanaidi. Yule mama alimwambia asubuhi waanze mapema. Athumani akamwambia asubuhi hatakuwepo. Wiki iliyofuata alikuwa Korogwe kwenye lori la mkonge, na tajiri wa lori lile, kabla ya kumwajiri, alipita gerejini kuniuliza ni dereva wa namna gani. Nilimwambia kwamba gari lile lilikuwa bovu na aliyekosea ni mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mteja waziwazi kwamba nimekosea. Hata hivyo Athumani hakurudi Mkata. Gari nililitengeneza. Yeye alikuwa ameshaondoka tangu siku ile tulipocheka.

Kwa hiyo, wanangu, mashine zenu za kusoma makosa zikiwaambia boksi halipati umeme wa kutosha, au zikishindwa kabisa kuongea na boksi, msikimbilie boksi. Acheni soketi mahali pake, washeni gari na kila kinachokula umeme, pimeni upande wa kuja na upande wa kurudi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye waya ya upande ule ule pale kwenye boksi, wakati kila kitu kinakula. Ikionyesha karibu na sifuri, njia ni safi. Ikionyesha volti kadhaa, hizo ndizo zinazopotea njiani, zifuate. Na mwenye gari akiwa amesimama pembeni anatafuta mtu wa kumlaumu, mpeni jibu mlilonalo, hata kama ni fupi.

Siku hizi Mkata kuna umeme wa nguzo. Mabanda ya video yamekufa, betri zinalala kwenye magari yake, na waya ile haikatiki tena pale kwenye kipete. Sasa inakatika nyuma ya dashibodi, pale fundi redio alipoiunga kwa meno. Mita zimekuwa nzuri kuliko yangu, na bado zinasema kumi na mbili. Mimi nikiulizwa kabla sijawasha taa, nasema sijui.